Koili ya Zamani, Swichi ya Zamani: Je, Hita Mpya Inapata Hataza?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Limuru. Mimi ni fundi umeme, na kazi yangu kubwa ni kufunga na kutengeneza shawa za umeme, zile zinazopasha maji papo hapo juu ya kichwa cha mtu. Huku kwetu maji ya tangi ni baridi na presha haitulii. Mtu akifungua mfereji wa jikoni, aliye bafuni anaungua. Nimechukua shawa yenye koili mbili zilizofungwa sambamba, nikaitia kile kisahani cha metali mbili kinachokata moto kwenye pasi. Mwanzoni nilikiweka maji yanapotokea, kikawa kinachelewa. Baadaye nikakihamishia upande wa maji baridi yanapoingia, nyuma yake nikaweka kikoili kidogo cha kukipasha. Sasa maji yakipungua tu, kisahani kinaruka na kuzima koili moja kati ya zile mbili. Aliye bafuni hahisi kitu. Nilipotaka kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wangu, jamaa mmoja aliyesomea sheria aliniambia nisipoteze pesa. Alisema koili si yangu, kisahani si changu, shawa si yangu, na kuunganisha vitu vya watu si uvumbuzi. Ni kweli?
*Fundi, Limuru*

JIBU: Ndugu Fundi, jamaa yako amekupa nusu ya jibu, tena ile nusu inayovunja moyo. Kama kuunganisha vitu vilivyokuwepo kungemnyima mtu hataza, ofisi zote za hataza duniani zingekuwa zimeshafungwa. Hakuna mvumbuzi anayeanza kwa kuumba waya na springi. Sheria haikuulizi vipande umevitoa wapi. Inakuuliza kama kuviweka pamoja kwa namna ile kungemjia kwa urahisi fundi mwingine wa kazi hiyo hiyo.

Hapa Kenya jambo hilo liko katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Uvumbuzi lazima uwe na hatua ya uvumbuzi: ukichukua yote yaliyokuwa yanajulikana kabla ya siku ya kuwasilisha ombi, usiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani. Mkaguzi wa KIPI, taasisi ya serikali inayotoa hataza hapa Kenya, atakusanya hataza za zamani, katalogi, vitabu na shawa zilizoko sokoni, kisha ajiulize swali hilo. Kwa hiyo wewe na mimi tujiulize kwanza, kabla hujalipa ada yoyote.

Nilifanya kazi ya umeme kabla sijaanza kuandika maombi ya hataza, na shawa hizi nimezifungua nyingi. Ukitoa kifuniko unakuta kiwambo cha mpira. Maji yakiingia kwa nguvu, kiwambo kinasukuma mguso wa shaba, umeme unapita, koili iliyozama ndani ya maji inawaka. Maji yakikatika, kiwambo kinarudi na umeme unakatika. Ni ufundi mzuri sana, lakini kiwambo kinajua mambo mawili tu: maji yapo, au hayapo. Hakijui kama ni mengi au kidogo.

Hapo ndipo watu wanapoungulia. Chukua shawa ya wati 5,400 kwenye umeme wa volti 240, yaani inavuta zaidi ya ampea 22. Maji yakipita lita 3 kwa dakika, yanapanda karibu nyuzi 26. Yakiingia yakiwa na nyuzi 15, asubuhi ya Julai huko kwenu, yanatoka na 41, na hapo mtu anaoga kwa raha. Sasa jikoni wafungue mfereji, maji ya bafuni yashuke hadi lita moja na nusu. Koili haijui lolote, inaendelea kumwaga joto lile lile ndani ya maji nusu. Yanatoka na nyuzi 67. Kwa nyuzi 60 tu ngozi huungua ndani ya sekunde chache, na ya mtoto huungua upesi zaidi. Tatizo lako ni la kweli, na limestahili kuumizwa kichwa.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo jamaa yako ameyachanganya. Katika barua yako mna shawa mbili.

Shawa ya kwanza ni ile uliyoweka kisahani kwenye maji yanayotoka. Hiyo sikufichi, haipati hataza. Kisahani cha metali mbili kazi yake, kwenye pasi, kwenye birika la umeme, kwenye hita ya tangi, ni kuhisi joto na kukata umeme. Ulikiweka kihisi joto na kikate umeme. Kila fundi anayejua maji yanazidi joto angefikia kisahani kile kabla ya chai ya saa nne.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi yenye sura hiyo mwaka 1969, Anderson's-Black Rock dhidi ya Pavement Salvage. Mvumbuzi alichukua mashine ya kutandaza lami akaifunga kichomeo cha joto la mnururisho, ili ukingo wa lami iliyopoa upate moto na kushikana vizuri na mkanda mpya unaotandazwa kando yake. Mashine ya kutandaza ilikuwepo. Kichomeo nacho kilikuwepo, kikitumika kukarabati barabara. Majaji walikiri kwamba kuviweka kwenye chombo kimoja kulirahisisha kazi, hata kulileta faida. Lakini kichomeo kilipasha joto tu kama zamani, na kingepasha vile vile hata kama kingevutwa peke yake. Hataza ikaanguka.

Kesi inayotajwa zaidi siku hizi ni ya KSR dhidi ya Teleflex, ya Aprili 2007. Hiyo ilihusu pedali ya mafuta ya gari, inayosogezwa karibu au mbali kulingana na urefu wa dereva, iliyounganishwa na kihisi cha kielektroniki. Mahakama ya rufaa ilikuwa imezoea kudai maandishi ya zamani yawe yamefundisha au kupendekeza au kumpa fundi sababu ya kuunganisha vitu viwili hivyo, ndipo iseme ni dhahiri. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walisema kipimo hicho kinatumiwa kwa ukakamavu mno. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia. Si mashine inayofuata amri. Kama vipande vinajulikana, njia ya kuviunganisha inajulikana, na matokeo ni yale yale ambayo mtu angeyatarajia, basi jambo ni dhahiri hata kama hakuna kitabu kilicholiandika. Hukumu za Marekani hazimfungi mkaguzi wa Nairobi, lakini fikra hii utakutana nayo karibu kila ofisi.

Kwa hiyo shawa ya kwanza iache. Usiitaje kama dai lako, yaani ile sehemu ya ombi inayosema ni kitu gani unataka kilindwe, ila itaje kama jaribio lililokushinda. Nitakwambia kwa nini.

Shawa ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa kirefu. Angalia ulichofanya. Ulitoa kisahani kwenye maji moto ukakipeleka kwenye maji baridi. Fundi wa kawaida atakushangaa: unataka kuzuia maji moto, kwa nini uhisi maji baridi? Lakini kisahani chako hakihisi tena joto la maji. Kikoili chako kidogo kinakipasha kwa kiasi kile kile muda wote, na maji yanayopita yanakipoza. Maji yakiwa mengi kinabaki baridi. Maji yakipungua kinapata joto mara moja na kuruka, kabla maji yaliyozidi moto hayajafika kichwani pa mtu. Umekigeuza kipima joto kuwa kipima kasi ya maji, kwa mtambo wa bei ya chai na mandazi. Kipande cha zamani kinafanya kazi ambayo hakikuwa kinafanya kwenye pasi, na kinaifanya kwa sababu kimewekwa pamoja na vile vingine.

Hilo ndilo neno la kumwambia jamaa yako. Vipande vikikaa jirani, kila kimoja na kazi yake ya siku zote, huo ni mkusanyiko tu. Vikifanya kazi kwa kutegemeana hadi likatokea jambo ambalo hakuna kimoja kingelitoa peke yake, hapo pana la kujadili. Malodi wa Uingereza, walipokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, waliliweka hivyo mwaka 2004 katika kesi ya Sabaf, iliyohusu vichomeo vya jiko la gesi. Lodi Hoffmann alisema kabla hujauliza kama uvumbuzi ni dhahiri, uliza kwanza kama ni uvumbuzi mmoja au ni viwili vilivyowekwa kando kwa kando. Katika vichomeo vile, namna ya kuingiza hewa na namna ya kuichanganya na gesi havikuathiriana, kwa hiyo kila kimoja kilipimwa peke yake, na vyote viwili vikaonekana dhahiri. Hukumu za Uingereza hazizilazimishi mahakama zetu, ila mawakili wetu huzitaja na majaji wetu huzisikiliza.

Upande wa pili wa sarafu ni kesi ya Marekani dhidi ya Adams, ya Februari 1966, na mimi naipenda kuliko zote. Adams alitengeneza betri ya magnesi na kloridi ya shaba, inayohifadhiwa kavu na kuamshwa kwa kutiwa maji, hata ya kawaida. Magnesi ilijulikana katika betri. Kloridi ile ilijulikana. Serikali, iliyokuwa imezitumia betri hizo jeshini, ilisimama mahakamani ikasema: vyote vya zamani, hakuna jipya. Lakini betri ya Adams ilikuwa na tabia mbili ambazo wataalamu wa wakati ule waliziona ni kasoro: ikishaamshwa huendelea kuisha hata isipotumika, na hupata joto ikifanya kazi. Fundi mwenye akili zake angeiacha njia hiyo. Adams hakuiacha, na joto lile lile ndilo lililoiwezesha kufanya kazi kwenye baridi kali. Wataalamu wa jeshi walipoonyeshwa mara ya kwanza hawakuamini. Hataza ikasimama.

Wewe pia ulielekea mahali ambapo fundi angeambiwa asiende, yaani upande wa maji baridi. Ndiyo sababu nataka jaribio lako la kwanza liandikwe kwenye maelezo ya ombi: kwamba kisahani kwenye maji ya kutokea kilichelewa kwa sekunde kadhaa (zipime, uandike ngapi), na kwamba kuongeza unyeti wake hakukusaidia, kama ulijaribu. Mkaguzi anakusoma akiwa tayari ameliona jibu, na jibu likishaonekana kila mtu huona lilikuwa rahisi. Mahakama zenyewe huonya dhidi ya kuhukumu kwa kutazama nyuma. Kipimo cha sekunde, chenye tarehe, kitakusaidia kuliko kurasa za sifa.

Sasa nikupe tahadhari, maana nisipokwambia mimi utaambiwa na mkaguzi. Kikoili kidogo kando ya kisahani cha metali mbili si kigeni kabisa. Thamostati za ukutani za nchi za baridi, zinazoongoza tanuri la kupasha nyumba, zimekuwa nacho kwa miongo mingi. Kinakipasha kisahani kidogo ili kizime tanuri mapema, kabla chumba hakijapitiliza joto. Mkaguzi mzuri atakiweka mezani na kusema: shawa ni hii, kikoili ni hiki, fundi angeviunganisha. Ukijibu kwamba hukujua, hujajibu kitu, kwa sababu sheria inamhesabu fundi wa kawaida kuwa ameyasoma yote. Jibu lako liwe hili: kule ukutani kikoili kinaharakisha kuhisi joto la hewa ya chumba, na hakuna kitu kinachopita na kukipoza kwa makusudi. Kwako, kupozwa na maji yanayoingia ndiko kunakopima. Fundi aliyeisoma thamostati ile angefunga kikoili chake kwenye maji ya kutokea, pale ulipoanzia wewe, na angeunguza watu upesi zaidi au angezima shawa hovyo. Je, utashinda? Nakuona una kesi. Siwezi kukuahidi, kwa sababu vipima mtiririko vinavyotumia joto vipo pia viwandani, na utafutaji wa kina unaweza kutoa karatasi inayokukaribia kuliko hii. Utafutaji huo ufanywe kwanza.

Dai lako kuu basi lisiwe «shawa yenye thamostati». Dai hilo ni la kufa. Andika mahali na uhusiano: kisahani kilicho kabla ya koili kubwa katika njia ya maji, kinachopashwa na kikoili chake na kupozwa na maji yanayoingia, kiasi kwamba mtiririko ukishuka chini ya kiwango fulani kinazima mojawapo ya koili zilizo sambamba. Taja kiwango, na uweke majaribio ya presha mbalimbali. Na kabla ya yote, waya wa ardhi uwepo na uwe salama. Shawa zinazopiga watu shoti hapa nchini ni nyingi mno, na sitaki kusikia ya kwako ni mojawapo.

Ukiona hatua ya uvumbuzi inaning'inia, Kenya ina njia nyingine, cheti cha modeli ya matumizi. Hicho kinataka kitu kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani. Hakidai hatua ya uvumbuzi. Kinadumu miaka 10 badala ya 20 ya hataza. Sheria inaruhusu pia ombi la hataza kugeuzwa kuwa la modeli kabla halijaamuliwa. Kwa kifaa ambacho wenzako wataanza kukiiga msimu ujao wa baridi, miaka 10 si haba.

Na koili yenyewe unayoifunga kila siku, ujue ina historia ya swali lako hili hili. Zamani waliotaka kupasha kwa umeme walitumia chuma kikaliwa na kutu ya moto, au platini ikawafilisi. Albert Marsh wa Marekani aliunganisha nikeli na kromi, metali mbili ambazo kila mwanakemia alizijua, akapata waya unaokaa mwekundu wa moto hewani bila kuliwa, kwa sababu kromi hujenga utando mgumu juu yake. Alipata hataza namba 811,859 mwezi Februari 1906. Ilipopelekwa mahakamani katika mgogoro na kampuni ya General Electric, ilisimama. Nikeli haikuwa yake, wala kromi.

SWALI: Nimetengeneza mashine ya kuangulia mayai yenye balbu za joto, thamostati ya dijitali ya dukani, feni, na mota inayogeuza trei za mayai. Nimeiuza kwa wafugaji tangu miaka miwili iliyopita. Naweza kuombea hataza?
*Mfugaji, Machakos*

JIBU: Ndugu yangu, hapana, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mauzo. Kitu kilichouzwa hadharani miaka miwili si kipya tena kisheria, hata kama muuzaji ni wewe mwenyewe. Hiyo inafunga pia mlango wa modeli ya matumizi.

Ya pili ndiyo tuliyokuwa tukiizungumza hapo juu. Balbu na thamostati zinashika nyuzi 37 na nusu. Mota inageuza mayai. Ukizima mota, joto halibadiliki; ukizima balbu, trei zinageuka vile vile. Miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya hutoa mfano wa mashine ya soseji: mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujaza, zimewekwa kando kwa kando, kila moja na kazi yake. Yako iko hivyo.

Lakini angalia mbele. Wafugaji hulalamika kwamba mayai ya trei ya juu huangua mapema kuliko ya chini, kwa sababu joto halilingani. Ukitengeneza trei ambazo kule kugeuka kwenyewe kunaelekeza hewa moto pembeni na kusawazisha joto, hapo mota na balbu zitakuwa zinafanya kazi moja. Hiyo ipeleke KIPI kabla ya kuuza hata moja. Jina la mashine yako unaweza kulisajili leo kama alama ya biashara.

SWALI: Niliweka mtandaoni video ya jiko langu la umeme, inaonyesha kila kitu ndani. Sasa ni miezi minane. Nimechelewa?
*Msomaji, Eldoret*

JIBU: Kwa Kenya bado. Sheria yetu inamsamehe mwombaji aliyejitangazia mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya siku ya kuwasilisha ombi. Marekani nao hutoa mwaka mmoja. Ulaya kwa kawaida hawasamehi: video yako mwenyewe itatumiwa dhidi yako kama ya mgeni yeyote, na kule mlango umeshafungwa. Una miezi minne. Hifadhi nakala ya video pamoja na tarehe iliyotoka, uiondoe mtandaoni, na usionyeshe toleo lolote jipya. Kama umeliboresha jiko tangu siku ile, maboresho ambayo hayamo kwenye video bado ni siri yako. Yaingize kwenye ombi hilo hilo kama madai ya ziada.